Ukinzani wa Atomi Moja

Fundi redio akitaka kujua kama kipande kimekufa, hapotezi muda. Anachukua mita, anaweka ncha nyekundu upande huu na nyeusi upande ule, kisha anautazama mshale. Ukipanda, umeme unapita. Ukilala, kuna mahali pamekatika. Ni kazi ya sekunde chache, lakini imesimama juu ya jambo moja ambalo fundi halazimiki kulifikiria: kugusa kwake hakukibadilishi kitu anachokipima.

Kitu kikiwa kidogo mno, uhakika huo unayeyuka. Atomi ya dhahabu ina upana wa takriban theluthi moja ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ncha yoyote itakayoigusa nayo ni rundo la atomi. Zikikutana, elektroni za huku na za kule huchanganyika, na mtu hawezi tena kusema mita inaishia wapi na kitu kinachopimwa kinaanzia wapi. Waliotaka kupima umeme wa atomi walihangaika na suala hilo la kugusa kwa miaka mingi, na hatua kubwa ya kwanza ilipigwa na watu walioamua kutogusa kabisa.

Mwishoni mwa 1978, katika maabara ya utafiti ya IBM iliyoko Rüschlikon, kwenye mwinuko juu ya Ziwa Zürich nchini Uswisi, Mswisi Heinrich Rohrer, mwenye miaka 45, alimpokea Mjerumani Gerd Binnig, mwenye miaka 31. Rohrer alikuwa na tatizo la matabaka membamba yanayohami umeme, yale yanayojijenga juu ya metali. Unene wake ni wa atomi chache tu, na yana madoa: hapa umeme unavuja, pale hauvuji. Vifaa vya siku hizo vilitoa wastani wa eneo zima, mithili ya mtu anayepimiwa joto la mji mzima wakati anatafuta nyumba moja inayoungua. Wawili hao walitaka kusoma tabia ya umeme katika doa moja lenye upana usiozidi nanomita 10. Kutengeneza hadubini hakukuwa lengo lao; walitaka mita.

Njia waliyoichagua ilitoka katika fizikia ya kwanta. Elektroni haikomi pale metali inapokoma. Wingu lake hutokeza nje kidogo, hata katika ombwe. Sindano ikisogezwa karibu sana na uso wa metali, mawingu mawili hupishana, na ukiweka volti ndogo elektroni huvuka pengo bila ncha kugusa chochote. Mkondo wake ni hafifu, mara nyingi nanoampea moja au pungufu. Lakini pengo likipungua kwa nanomita 0.1 tu, mkondo huongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo hakuna haja ya kunoa sindano ikawa kamilifu. Atomi iliyotangulia mbele kuliko nyingine hubeba karibu mkondo wote, na zilizo nyuma yake ni kama hazipo.

Walikuwepo waliolikaribia wazo hilo kabla yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Russell Young na wenzake, katika taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, walitengeneza chombo walichokiita topografaina, kilichopitisha ncha juu ya uso wa metali na kuchora miinuko yake. Ncha yao ilikaa mbali zaidi na uso, mitetemo iliwasumbua, na mradi ukasimamishwa. Young anastahili kutajwa kila simulizi hii inaposimuliwa, kwani alibakiza hatua chache tu.

Mitetemo ndiyo iliyokuwa adui wa Rüschlikon pia. Mlango ukifungwa kwa nguvu, mtu akikohoa, gari likipita barabarani, ncha huruka umbali mkubwa mara nyingi kuliko upana wa atomi. Binnig na Rohrer, pamoja na Christoph Gerber na fundi Edi Weibel, walikielesha chombo chao hewani kwa sumaku, juu ya bakuli la madini ya risasi lililopoozwa mpaka likapoteza ukinzani wote wa umeme. Bakuli hilo lilitengenezwa na fundi wa maabara ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupuliza vioo. Kazi ilimnogea akavuka mipaka ya ufundi wake. Mahali pa chemba ya ombwe ya gharama palikuwa na chombo cha kioo cha kukaushia kemikali, kilichotumika sana, kimezungushiwa selotepu tele. Heli ya kimiminika ya kupooza bakuli ilipotea kwa kiasi cha lita 20 kila saa.

Walipima usiku, jengo likiwa kimya. Usiku wa tarehe 16 Machi 1981 walikaa pale karibu bila kupumua, kwa msisimko, ila zaidi kwa kuogopa kutikisa. Ncha ya tungsteni ilikuwa inasogea kuelekea bamba la platini, ikisukumwa na kauri ambayo ukiipa volti hurefuka au kunywea kwa vipimo vidogo kabisa. Pengo lilipopungua, mkondo ulipanda jinsi hesabu ilivyotabiri, mara kumi kwa kila sehemu ndogo ya nanomita. Umeme ulikuwa unavuka mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Jaribio lao la kwanza la kuchapisha barua ya kitaaluma kuhusu matokeo hayo lilikataliwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuisogeza ncha kando, mstari baada ya mstari, huku mtambo ukiipandisha na kuishusha ili mkondo usibadilike. Katika majira ya kupukutika majani ya 1982 waliweka chini yake kipande cha silikoni. Silikoni ikikatwa kwa mlalo fulani na kupashwa joto katika ombwe, atomi zake za juu hujipanga upya kuwa vigae ambavyo kila ubavu ni mara saba ya ule wa kawaida. Wanasayansi walilijua jambo hilo tangu mwisho wa miaka ya 1950, na mpangilio halisi wa atomi ndani ya kigae ulikuwa umewagawa. Kalamu ya mtambo ikachora mistari yake kwenye karatasi. Binnig na wenzake wakaiunganisha mistari hiyo mmoja mmoja mpaka ikawa umbo lenye vilima na mabonde: nundu 12 katika kila kigae, na shimo refu kila pembe. Miaka mitatu baadaye Kunio Takayanagi na wenzake nchini Japani, kwa kutumia hadubini ya elektroni, walieleza mpangilio mzima wa atomi wa kigae hicho. Jina la Takayanagi litarudi tena.

Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1986 iligawanywa kati ya Binnig na Rohrer kwa upande mmoja, na Ernst Ruska, baba wa hadubini ya elektroni, kwa upande mwingine. Magazeti yakasema binadamu sasa anaona atomi.

Hapo ndipo simulizi nyingi za chombo hiki zinapoteleza. Chombo hakioni. Ni mita ya mkondo inayotembea, na kila inachokichora ni usomaji wa umeme. Nundu kwenye picha inaweza kuwa atomi iliyoinuka, au atomi iliyo sawa na jirani zake ila ina elektroni zilizo tayari zaidi kuvuka. Mwaka 1987 Randall Feenstra na wenzake huko IBM, Marekani, walilionyesha jambo hilo kwa fuwele yenye atomi za galiamu na za arseniki zikipishana. Volti ikielekezwa upande mmoja, elektroni zilitoka kwenye fuwele, na picha ilionyesha arseniki peke yake. Ilipogeuzwa, elektroni zikaingia, na picha ikaonyesha galiamu peke yake. Sehemu ileile, ncha ileile, atomi tofauti. Kosa lingekuwa kuichukulia picha mojawapo kuwa sura ya fuwele. Zote mbili zilikuwa majibu ya swali la umeme.

Robert Hamers, Ruud Tromp na Joseph Demuth wa IBM Yorktown Heights walikuwa wameanza kuuliza swali hilo kwa utaratibu mwaka 1986. Katika kila nukta ya silikoni walisimamisha ncha, wakalifunga pengo lisibadilike, wakapandisha na kushusha volti na kurekodi mkondo, kisha wakasogea nukta inayofuata. Ramani iliyopatikana haikuwa ya miinuko tu. Kila nukta yake ilibeba mchoro wake wa mkondo na volti, na mtu aliweza kuonyesha kwa kidole ni atomi ipi ina elektroni zisizo na mwenza, na ni katika nishati gani zinapatikana. Lile doa ambalo Rohrer alikuwa akilitafuta tangu 1978 sasa lilikuwa na upana wa atomi moja.

Baada ya hapo watu walianza kutengeneza vitu vyao wenyewe vya kupima. Novemba 1989, katika maabara ya IBM huko San Jose, California, Don Eigler na Erhard Schweizer walisukuma atomi 35 za zenoni juu ya nikeli, katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, zikaandika jina la kampuni yao. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Kwa yeyote anayejali umeme, kazi ya Eigler ya 1991 ni kubwa zaidi ingawa haikupata umaarufu huo: swichi ya atomi moja. Zenoni iliruka kutoka kwenye nikeli hadi kwenye ncha, na mkondo ukabadilika. Volti ilipogeuzwa, ikaruka kurudi, na mkondo ukarudi ulikokuwa. Mwaka 1993 Michael Crommie, Christopher Lutz na Eigler walipanga atomi 48 za chuma kuwa duara juu ya shaba, lenye upana wa nanomita 14 hivi. Ndani ya boma hilo elektroni za uso wa shaba zilinaswa, zikafanya mawimbi ya duara ndani ya duara, na kila wimbi lilisomwa kama badiliko la mkondo.

Yote hayo yalifanyika ncha ikiwa mbali kidogo. Je, ikigusa?

James Gimzewski, Mskoti aliyefanya kazi Rüschlikon, alilichukua swali hilo mapema. Mwaka 1987, pamoja na Rolf Möller, alishusha ncha polepole juu ya fedha. Mkondo ulipanda taratibu jinsi ulivyotarajiwa, kisha ghafla ukaruka na kutulia: atomi ya mwisho ya ncha ilikuwa imeshikana na uso. Mwaka 1995 yeye na Christian Joachim wa Toulouse, Ufaransa, pamoja na wenzao, walishusha ncha juu ya molekuli moja ya atomi 60 za kaboni, ile yenye umbo la mpira wa miguu, iliyolala juu ya dhahabu. Waliikandamiza kidogo tu, wakasoma ukinzani wake: takriban omu milioni 55. Molekuli moja ilikuwa imepimwa ukinzani kama kipande chochote juu ya meza ya fundi.

Kwa atomi za metali, jibu lilikuwa limeshatabiriwa kwenye karatasi muda mrefu kabla. Rolf Landauer alizaliwa Stuttgart mwaka 1927, na familia yake ikahamia Marekani mwaka 1938. Mwaka 1957, akiwa IBM, aliandika kwamba upitishaji wa umeme katika kitu kidogo utazamwe kama swali la kuvuka: elektroni ikifika upande huu, ina nafasi gani ya kutokea upande ule? Wengine, akiwemo Markus Büttiker, waliliendeleza wazo hilo katika miaka ya 1980. Likichukuliwa mpaka mwisho, linasema kwamba hata njia isiyo na kizuizi chochote ndani yake, ikiwa nyembamba kiasi cha kupitisha wimbi moja tu la elektroni, haiwezi kuwa na ukinzani ulio chini ya omu 12,900 hivi. Ukinzani huo hautoki kwenye waya. Unatoka mlangoni, pale elektroni nyingi za metali pana zinapobanwa kuingia katika njia moja. Mwaka 1988 makundi mawili, moja la Uholanzi na jingine la Uingereza, yaliona katika semikondakta upitishaji ukipanda kwa ngazi za ukubwa huo.

Kisha akarudi Takayanagi. Mwaka 1998, katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, yeye na wenzake Hideaki Ohnishi na Yukihito Kondo waliweka hadubini ya ncha ndani ya hadubini ya elektroni, ili ya pili iitazame ya kwanza ikifanya kazi. Walichovya ncha ya dhahabu kwenye dhahabu, wakaivuta polepole. Daraja kati yao lilikonda mithili ya uji mzito unaoninginia kwenye mwiko, likabaki na nyuzi mbili za atomi, kisha uzi mmoja. Kioo cha hadubini kilionyesha uzi huo: atomi zimepangana moja nyuma ya nyingine, na mwanga ukipita pande zote mbili. Mita ilisoma karibu omu 13,000. Nyuzi zilipokuwa mbili, upitishaji ulikuwa mara mbili. Katika toleo lilelile la jarida la Nature, watafiti wa Leiden na Madrid walieleza nyuzi za dhahabu za namna hiyo walizozivuta kwa njia nyingine, zikabeba mkondo ambao ungeyeyusha waya wa kawaida ukilinganishwa unene kwa unene.

Kwa fundi aliyefundishwa kwamba waya ukirefuka ukinzani unaongezeka, hili ni jambo la kushangaza. Uzi wa atomi moja na uzi wa atomi nne zina ukinzani uleule.

Siyo kila uzi una tabia hiyo. Mwaka 2009 kundi la Leonhard Grill mjini Berlin lilishika kwa ncha kichwa cha molekuli ndefu iliyolala juu ya dhahabu, likaivuta kwenda juu kama mtu anayefumua uzi kwenye kitambaa. Kila sehemu iliyoinuka iliongeza urefu ambao umeme ulilazimika kuupita, na mkondo ulisomwa bila kukatizwa kadiri molekuli ileile moja ilivyoinuka, hadi karibu nanomita 20. Mkondo ulipungua kwa kasi kadiri urefu ulivyoongezeka. Humo elektroni zilikuwa bado zinapenya badala ya kutembea.

Mafundi wa maabara wana dawa ya zamani ya ukinzani wa kugusa: kutumia ncha nne badala ya mbili. Mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volti bila kubeba mkondo wowote wa maana, na ukinzani wa pale ncha zinapogusa unabaki nje ya hesabu. Katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Shuji Hasegawa na wenzake walikuwa na mtambo wa ncha nne kufikia 2001, kila ncha ikiongozwa peke yake ndani ya ombwe, na ukatumika kupima mkondo unaopita katika uso wa silikoni pekee.

Huko Sydney, Michelle Simmons na kundi lake katika Chuo Kikuu cha New South Wales walikwepa tatizo kwa njia tofauti: waliuzika waya ndani ya fuwele. Walifunika uso wa silikoni kwa haidrojeni, wakatumia ncha kung'oa atomi za haidrojeni katika mstari mwembamba, ufundi ulioonyeshwa na Joseph Lyding huko Illinois mwaka 1994. Kisha wakaingiza gesi yenye fosforasi, nayo ikashika pale palipong'olewa tu. Juu yake wakaotesha silikoni nyingine. Kilichobaki ni waya wa fosforasi wenye upana wa atomi nne na unene wa moja, unaoishia kwenye njia pana zinazoweza kuunganishwa na nyaya za kawaida.

Matokeo yalitoka Januari 2012. Waya huo ulifuata kanuni ya Ohm, ileile ya vitabu vya sekondari: ukirefuka, ukinzani unapanda kwa kadiri yake, na ukikonda hadi nanomita 1.5, kiwango cha ukinzani wa mada yenyewe hakibadiliki. Lakini ule uzi wa dhahabu wa Tokyo ulikuwa umeikana kanuni hiyo. Hakuna aliyekosea kati yao. Katika uzi mfupi wa dhahabu elektroni inavuka bila kugonga kitu. Katika waya mrefu wa Sydney inagongagonga njia nzima, na kugonga huko ndiko kunakoileta kanuni ya Ohm.

Swali la mwisho lilirudi Rüschlikon, ambako wote walikuwa wameanza bila kugusa. Mkondo hueleza elektroni zinazopita. Zile zilizotulia je? Mwaka 2004 Jascha Repp, Gerhard Meyer na wenzao walilaza atomi za dhahabu juu ya tabaka la chumvi ya mezani lenye unene wa atomi mbili tu, juu ya shaba. Kwa kupiga volti fupi waliiongezea atomi elektroni moja, nayo ikaishika. Chumvi ilizuia umeme kuvuja, na atomi ikabaki na chaji yake mpaka walipoiondoa kwa volti ya kinyume.

Kuipima chaji hiyo moja kwa moja kulihitaji chombo cha nguvu, si cha mkondo. Binnig, Calvin Quate na Gerber walikuwa wamekibuni mwaka 1986: ncha iliyo kwenye ufito mwembamba, inayosikia mvuto wa atomi chini yake. Franz Giessibl, aliyekuwa mwanafunzi wa Binnig, alikiboresha kwa kutumia kipande cha kwatzi chenye meno mawili kilichotengenezwa kwa ajili ya saa za mkononi, kile kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde na kuhesabu muda. Aligandisha jino moja, akaweka ncha kwenye jino la pili. Mwaka 2009 Leo Gross na wenzake huko Rüschlikon wakaileta ncha ya namna hiyo juu ya dhahabu yao, wakabadilisha volti na kutazama ni kwa kiwango gani mvuto unakuwa mdogo kabisa, njia ambayo Lord Kelvin aliitumia mwaka 1898 kwa mabamba mawili ya metali. Atomi yenye elektroni ya ziada ilitofautiana na isiyo nayo. Elektroni moja ilikuwa imepimwa ikiwa imekaa.

Mwaka 2012 kundi hilohilo lilitumia njia hiyo juu ya molekuli moja yenye umbo la msalaba, ambayo katikati yake ina atomi mbili za haidrojeni zinazoweza kuhama. Ncha ilipita juu yake nukta kwa nukta, na ramani ikaonyesha mikono miwili ya msalaba ikiwa na chaji tofauti na ile mingine miwili. Kisha wakapiga volti moja fupi. Haidrojeni zikahama, wakapima tena kuanzia mwanzo, na ramani ya chaji ikawa imegeuka robo ya mzunguko.